Herufi Moja Mwishoni mwa Jina



Sisi ni akina mama tunaosimamia masomo ya wanawake katika madrasa moja mjini Kericho. Baadhi yetu tuliletwa huku na ndoa au biashara kutoka Mombasa na Lamu. Wengine ni wenyeji, Wakipsigis waliozaliwa penye michai. Wengi wa wanafunzi wetu huchuma chai mashambani, hadi upande wa Bomet, na jioni huwa wamechoka wasiweze kufika darasani. Tukaazimia kurekodi masomo ya tajwidi na twahara kwa video, tuyatie katika simu zao. Kwa hilo ilihitajika kompyuta.

Fedha zilipatikana polepole: mauzo ya mahamri, vibubu vya Ramadhani, na fungu ambalo wenye vishamba walitutolea katika bonasi yao ya chai ya mwaka. Zilikuwa amana shingoni mwetu. Dukani tulionyeshwa kompyuta mbili zilizokwisha kutumika ng'ambo, bei zao zikikaribiana. Moja ilikuwa ya mezani, yenye prosesa ya Core i5-6500. Ya pili ilikuwa kipakatalishi, chenye Core i7-6500U. Muuzaji akatwambia kwamba saba ni zaidi ya tano. Hesabu hiyo hata mtoto wa chekechea anaijua. Tukakilipia kipakatalishi, tukarudi tukishukuru.

Furaha haikumaliza wiki. Kila tulipoiagiza mashine ikamilishe video ya nusu saa, ilivuma kama kinu, ikawa ya moto licha ya baridi ya Kericho, na kazi ikachukua karibu saa mbili. Tulidhani ni mbovu. Kijana wa mwenzetu, anayesomea kompyuta, akaikagua na kusema haina ila yoyote. Kosa ni letu, hatukulisoma jina lake hadi mwisho.

Prosesa ndiyo ubongo wa kompyuta, na ndani yake mna viini vinavyofanya kazi kwa pamoja. Zote mbili zilitolewa na Intel mwaka 2015, na zote zina namba 6500. Lakini ile ya mezani ina viini 4, na mwendo wake wa kawaida ni gigahezi 3.2. Ile ya kipakatalishi ina viini 2 tu, kwa mwendo wa gigahezi 2.5. Kweli kila kiini chake huweza kushika kazi mbili kwa wakati mmoja, lakini mtu mmoja mwenye vikapu viwili hawi wachumaji wawili. Ile ya mezani imeundwa kwa kiwango cha wati 65, katika sanduku lenye nafasi na feni kubwa. Ya kipakatalishi kwa wati 15, ili betri idumu na kiwiliwili chembamba kisiungue. Joto likizidi, hujipunguzia mwendo yenyewe. Hayo yote yalikuwa yameashiriwa na herufi moja, U.

Ilitubidi tusimame mbele ya wenye fedha tueleze. Usiku ule hatukulala vizuri. Mzee wetu mmoja, tunayemwita Kogo, yaani bibi kwa Kikipsigis, aliwahi kufanya kazi katika kiwanda cha chai. Alitusikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Magunia yote yanatoka Kericho, lakini mnunuzi wa Mombasa hanunui jina la Kericho. Husoma herufi: BP1, PF1, D1. Nyinyi watu wa pwani mngalijua hayo." Tukacheka, na machozi yakitulenga. Hakuna aliyetulaumu zaidi ya hapo. Akina mama walichanga tena, nasi wasimamizi tukatoa kwanza kutoka mifukoni mwetu, tukainunua ile ya mezani. Video ile ile sasa humalizika kabla ya saa moja.

Kipakatalishi nacho hatukukiuza. Mvua kubwa zinapokata umeme, ya mezani huzimika papo hapo, kazi ambayo haijahifadhiwa ikapotea. Kipakatalishi huendelea kwa betri. Nacho ndicho tunachokibeba hadi Bomet, tukawatilia wanafunzi masomo simuni, kando ya mashamba yao.

Wala msidhani kila kipakatalishi ni dhaifu. Mwaka 2020 Apple ilitoa prosesa ya M1, na ile ile ikatiwa katika kipakatalishi chake kisicho na feni na katika kompyuta yake ndogo ya mezani. Kwa hivyo, mzazi anayemnunulia mwanawe kompyuta aulize mambo manne: kazi yake ni ipi, itakaa mahali pamoja au itabebwa, prosesa ni ya mwaka gani na ina viini vingapi, na herufi ya mwisho ya jina lake ni ipi. Kisha aijaribu kwa kazi yenyewe kabla ya kulipa.

Sisi tulijifunza pia kwamba kuilinda amana si kutoiiba tu. Ni kuuliza kabla ya kuitumia, na kusema kweli tukikosea. Mwenyezi Mungu awazidishie kheri waliotuamini mara ya pili.