Plau haifuati kama mkia wa nyoka

Najua nimekuwa kimya wiki kadhaa. Sikuwa mgonjwa, wala intaneti haikukatika. Nilikuwa nyumbani Kilungu, kule Makueni, nikijifunza kulima upya. Kwa hiyo leo hakuna Python wala hifadhidata. Leo ni trekta. Msikimbie, kuna hesabu kidogo huko mbele :-)

Kwa wale msioijua Kilungu: ni milima mitupu. Shamba tambarare kwetu ni la kuhadithiwa. Tunalima kwenye matuta ya fanya juu. Unachimba mtaro kando ya mlima, usipande wala kushuka, na udongo unaurusha upande wa juu hadi uwe ukingo. Mvua ikinyesha, maji na udongo husimama nyuma ya ukingo huo, na miaka ikipita shamba linakuwa kama ngazi. Mwaka wa 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu kiitwacho More People, Less Erosion kuhusu wilaya ya Machakos ya zamani (Makueni ilikuwa ndani yake hadi 1992). Walionyesha kwamba tangu miaka ya 1930 watu waliongezeka sana huku mmomonyoko ukipungua. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa kwa jembe la mkono na vikundi vya mwethya, wengi wakiwa akina mama. Susu yangu alikuwa mmoja wao. Kingo za shamba letu ni jasho lake.

Sasa tuje kwenye mashine. Mjomba na marafiki zake wawili walichanga pesa wakanunua trekta ndogo kuukuu inayokunjika katikati. Haigeuzi magurudumu ya mbele kama gari. Mwili wake una vipande viwili vilivyounganishwa kwa kiungo, na ukizungusha usukani, mwili wote unapinda. Trekta za aina hii zinaundwa sana Italia kwa ajili ya mashamba ya mizabibu ya milimani. Antonio Carraro na Goldoni ni majina yanayojulikana kwa kazi hiyo. Jina la yetu nitaliacha, maana kosa lilikuwa langu. Nyuma ina mikono mitatu ya haidroliki ya kubeba zana: plau, haro au ripa.

Uzuri wake ni huu: kiungo kikiwa katikati kabisa ya ekseli mbili, magurudumu ya nyuma hupita palepale yalipopita ya mbele. Niliposikia hivyo nikakumbuka ule mchezo wa nyoka kwenye simu ya Nokia ya baba. Kichwa kikipita, mkia unafuata. Nikajiambia, basi hata plau itafuata. Nikaomba kushika usukani, na mjomba akakubali kwa sababu nina digrii ya kompyuta. (Sijui alifikiri digrii ina uhusiano gani na plau.)

Tuta la tatu linapinda kulia likifuata mlima. Ukingo ulikuwa kushoto kwangu, upande wa bonde, kama sentimita 20 kutoka kwenye tairi. Nikakata usukani kulia, plau ikiwa ardhini, macho yangu yakiwa mbele. Pua ikaondoka ukingoni vizuri, nikafurahi. Nyuma plau ikaruka kulia kwanza, ikaacha kipande kisicholimwa, halafu ikafagia kushoto na kuuma ukingo. Nilipogeuka kuangalia, mita mbili za ukingo wa susu zilikuwa zimelala mtaroni pamoja na nyasi za nepia.

Mjomba hakupiga kelele. Alizima injini, akaniletea jembe, akasema, "Mpwa wangu, mawingu unayaona." Chini yetu kuna shamba la mama mmoja mjane. Ukingo wetu ukipasuka, maji yetu yote yanamshukia yeye na maharagwe yake. Tulichimba hadi giza likaingia, tukashindilia udongo na kupandikiza nepia. Mvua ilinyesha siku ya tatu. Niliamka usiku na tochi kwenda kuangalia. Ukingo ulivuja kidogo lakini ulisimama.

Kesho yake nikafungua tarakilishi nikaandika programu fupi ya kuchora mwendo ule. Vipimo vyangu ni hivi: kutoka kiungo hadi ekseli ya nyuma sentimita 60, na ncha ya plau iko sentimita 90 nyuma ya ekseli. Trekta ikikunjika digrii 40, kila kipande kinachukua 20. Matokeo:

1. Kipande cha nyuma kinazunguka juu ya ekseli yake, na plau inasogea takriban sentimita 31 kuelekea ndani ya kona, hata kabla trekta haijasonga mbele.

2. Trekta ikiendelea kuzunguka, magurudumu yanachora duara la nusu kipenyo cha mita 1.65, lakini plau inachora la mita 1.88. Yaani sentimita 23 nje ya njia ya magurudumu. Nami nilikuwa na 20 tu!

Kwa hiyo mchezo wa nyoka ulinidanganya. Magurudumu yanafuata, lakini plau si gurudumu; inaning'inia nyuma ya ekseli, na usukani unaisukuma pembeni. Ikiwa imezama ardhini, nguvu hiyo ya pembeni inaweza pia kupinda mikono ya kubebea.

Nikamwonyesha mjomba mchoro. Akautazama, akacheka. "Hata ng'ombe wanajua hilo." Ni kweli. Tangu utotoni nimemwona akilima kwa maksai. Wakifika mwisho wa tuta, kwanza anainua plau, ndipo maksai wanageuka. Nimeona jambo hilo mara mia na sikuwahi kuuliza sababu.

Kwa wenye trekta kama hii, sheria zetu sasa ni hizi:

- Plau ikiwa ardhini, nenda moja kwa moja. Marekebisho yawe madogo sana.
- Inua kwanza, kata kona baadaye, nyoosha mwili, ndipo ushushe.
- Acha nafasi ukingoni ya kutosha mfagio wa plau, si tairi tu. Sisi tunaacha nusu mita na kuimalizia kwa jembe.
- Usikunje sana kwenye mteremko zana ikiwa juu. Mashine iliyopinda hupinduka kwa urahisi zaidi kuliko iliyonyooka.

Nimerudi Nairobi, ila kila mvua ikinyesha napiga simu kuuliza habari za tuta la tatu. Hadi leo limesimama. Kama kuna msomaji anayelima milimani kwa mashine ndogo, Taita au Lushoto, tuandikie unafanyaje kwenye kona. Wiki ijayo tunarudi kwenye Python, naahidi!