Maji Yapasuayo Chuma

Tukipita katika vilima vya Ardennes, huko Ubelgiji, majira ya baridi, twaona robine za nje zimefungwa nguo na majani makavu, kama watoto wachanga. Sababu ni hii: maji yakipoa hata chini ya digrii 0 huganda kuwa barafu, nayo huzidi maji kwa ukubwa karibu sehemu 9 katika 100. Hapo hata bomba la chuma hupasuka. Barafu ikiyeyuka, maji hububujika ukutani. Lakini nguo huchelewesha baridi tu, haziishindi. Kwa hiyo mwenyeji mwenye busara, kabla ya Desemba, hufunga robine ya ndani, hufungua ile ya nje, maji yote yatoke, kisha huiacha wazi. Bomba tupu halina cha kuogopa. Asiyeziba ufa hujenga ukuta.