Mkebe wa Kogo

Mkebe ulikuwa wa Kimbo, ule mkubwa, na makazi yake yalikuwa chini ya kitanda cha nyanya yetu huko Sachangwan, kando ya magunia ya viazi vya mbegu. Tulimwita Kogo. Nje, malori yalinguruma usiku kucha yakiteremka kuelekea Salgaa. Ndani, sisi wajukuu tulimwaga sarafu juu ya blanketi tukacheza duka. Kulikuwa na ndururu zenye tundu katikati, senti kumi zenye tundu pia, sumuni chache, na shilingi nzito zenye simba aliyesimama mbele ya milima. Hazikununua chochote tena. Baba alizigeuza washa: akiezeka mabati alipitisha msumari kwenye tundu la ndururu, akagonga, na mvua ya Molo ikakosa pa kupenya. Hatukuona ubaya wowote.

Kogo alizipata ujanani akichuma pareto kwenye shamba la mlowezi. Zile za tundu alizitunga kwenye kamba ya katani akaifunga kiunoni, chini ya nguo, kwa kuwa vazi lake halikuwa na mfuko. Nilipomuuliza kwa nini hakuzibadilisha zilipotoka sarafu za Kenyatta mwaka 1966, alijibu kwamba alibadilisha za kutosha, na hizi alizibakiza kwa sababu alizifanyia kazi.

Tarehe 31 Januari 2009 lori la mafuta lilianguka pale kwetu. Watu wakakimbilia kuchota, moto ukalipuka, na zaidi ya mia moja wakapoteza maisha. Wiki zilizofuata zilikuwa za mazishi na michango. Kogo hakuwa na hela mkononi. Jioni moja aliuvuta mkebe akaniita.

"Wewe ndiye umesoma. Nenda Nakuru uulize hizi ni za kiasi gani. Nataka nami nimpelekee yule mama aliyefiwa kitu."

Usiku ule nilifanya kosa ambalo bado linaniuma. Nilitaka zipendeze, basi nikachukua majivu, ndimu na waya wa kusugulia sufuria, nikazing'arisha moja baada ya nyingine hadi saa sita. Asubuhi ziling'aa kama zimetoka kiwandani jana.

Mnunuzi mjini aliiinua ya kwanza kwa vidole viwili, akiishika ukingoni, akaiweka chini ya kioo cha kukuzia. Alinyamaza kitambo. Kisha akaniuliza, kwa upole, nani alizisugua. Akanisogezea kioo nijionee: manyoya ya shingo ya simba yalikuwa yamefutika, na uso mzima wa sarafu ulijaa mikwaruzo myembamba kama shamba lililopitishwa haro. Ule weusi nilioudhania uchafu ndio ulikuwa ngozi yake, na mkusanyaji hulipia ngozi hiyo. Akapima shilingi kwenye mizani. Za kuanzia 1921 hadi 1946, alieleza, robo ya uzito wake ni fedha, kwa hiyo kila moja ina karibu gramu mbili. Za 1948 na kuendelea ni shaba na nikeli tu. Alinilipa kwa uzito, shilingi mia saba kwa zote, kama anayenunua chuma chakavu. Kogo alizihesabu mara mbili, akaongeza kuku wawili, tukaenda.

Tangu siku hiyo nilianza kujifunza, na jambo lililonichukua muda mrefu kulikubali ni kwamba uzee peke yake hauleti bei. Florini ya mwaka 1920 hutafutwa kwa kuwa haikukaa, shilingi ikachukua nafasi yake upesi. Ile ya shilingi tano ya 1973, yenye pembe tisa, iliyotolewa Kenya ilipotimiza miaka kumi ya uhuru, ni changa kuliko ndururu nyingi za Kogo, lakini watu huiwinda kwa sababu ni chache. Nilijifunza kutafuta herufi ndogo zinazoonyesha kiwanda: H na KN ni za Birmingham, I ni Bombay, na SA ni Pretoria, ambako baadhi zilipigwa wakati wa vita. Nilipogeukia stempu pia, nikajifunza kuhesabu meno ya ukingoni. Stempu mbili za Kenya, Uganda na Tanganyika zenye kichwa cha Mfalme George VI zinaweza kufanana kabisa kwa macho, lakini meno yakitofautiana kidogo moja huwa na bei ya chai na nyingine ya mbuzi. Nami utotoni nilikuwa nikizikata kwenye bahasha za baba mdogo, nikitupa bahasha yenyewe pamoja na mhuri wa posta, kumbe mhuri unaosomeka vizuri nao una wapenzi wake.

Kisha ikaja 2019. Noti za elfu moja za zamani zilikoma kutumika tarehe 30 Septemba, na miezi michache baadaye jirani mmoja alinijia na kifurushi alichokitoa ndani ya godoro la marehemu mumewe. Alikuwa amesikia kwamba kuna watu wananunua pesa za zamani kwa mamilioni. Nilitamani sana kumwambia ndiyo. Lakini Benki Kuu ilikuwa imetangaza kwamba noti zaidi ya milioni saba hazikurudi, na kitu kilichobaki kwa wingi huo, tena kimekunjwa mara nne, hakuna mkusanyaji wa kukigombania. Hao wanaoahidi mamilioni kwenye simu huomba kwanza ada ya usajili. Nilimsihi asitume hata shilingi. Alikaa kwa muda akizinyoosha magotini, kisha akazirudisha kwenye kifurushi.

Mwaka jana tulibadilisha mabati ya nyumba ya Kogo, ambaye sasa hayupo. Fundi alinirushia msumari ukiwa na ndururu yake. Nilienda nayo mlangoni penye mwanga, nikaitemea mate kidogo, nikaishia hapo. Iliandikwa EDWARDVS VIII, 1936. Mfalme huyo aliacha kiti mwaka uleule, na Uingereza yenyewe haikupata kutumia sarafu zenye jina lake, ila sisi wa Afrika Mashariki tulizitumia. Hata ikiwa nzima haina bei kubwa, kwa sababu zilipigwa mamilioni. Hii yangu nyundo imeubonyeza ukingo, msumari umepanua tundu. Kwa mkusanyaji si kitu.

Niliitia kwenye bahasha ndogo, bila kuisugua, nikaandika juu yake kama nilivyozoea kuandikia sarafu zangu zote, mahali ilipotoka: Sachangwan, paa la Kogo, upande wa jikoni.