Wiski ya Mchango na Nipa ya Mama

Kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi, mshahara ukishaingia na kabla madeni hayajaumaliza, watu wanne hukutana barazani kwangu: wakili mmoja, mhasibu wa halmashauri, mwalimu wa sekondari aliyestaafu, na mimi. Kila mmoja hutoa Sh 30,000. Kwa fedha hizo hununua chupa moja ya maana au mbili za kawaida, na hatuzimalizi. Kinachobaki tunakihamishia katika vichupa vidogo vya glasi vilivyochemshwa, tunabandika karatasi yenye jina na tarehe, kisha tunavifungia kabatini. Baada ya miaka mitatu ya mchango huo tunayo maktaba ndogo ya wiski ambayo hakuna hata mmoja wetu angeweza kuimiliki peke yake kwa mshahara wa serikali.

Najua wapo wasomaji wangu ambao kwa imani au kwa hiari hawagusi kilevi, na wapo walioumizwa nacho majumbani mwao. Simshawishi yeyote. Naomba tu tuvumiliane hadi mwisho, kwa kuwa ninachotaka kukisema kinahusu sheria zaidi kuliko ulevi.

Utaratibu wetu ni rahisi. Mke wangu, ambaye hanywi na hutuonea huruma, humimina jikoni tusikoona. Huleta glasi za chai zenye namba zilizoandikwa chini, kila moja ikiwa na kiasi cha vijiko viwili. Tunanusa kwanza, bila kuharakisha, midomo ikiwa wazi kidogo ili kilevi kisichome pua. Tunaonja, tunaongeza kijiko cha maji, tunaonja tena, na kila mtu huandika mpangilio wake kimya kimya. Mishkaki husubiri hadi karatasi zikusanywe, maana pilipili huua ulimi. Kisha chupa huletwa, na aibu huanza.

Nasema aibu kwa sababu za kweli. Wakili wetu alikuwa na desturi ya kuidharau Red Label, akiiita wiski ya harusi. Usiku wa kwanza aliiweka ya pili kati ya tano, juu ya chupa ya bei mara mbili ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameileta kutoka safarini. Mimi sikuwa bora. Niliandika kwa kujiamini kabisa kwamba glasi namba tatu ilikuwa ya Scotland, ya zamani na ya heshima. Ilikuwa Jim Beam ya Kentucky. Mwalimu mstaafu peke yake, ambaye hakuwahi kununua wiski maishani mwake kabla ya chama chetu, hupatia karibu kila mara. Anasema hana cha kulinda.

Tangu hapo tumejifunza kusoma lebo kama tunavyosoma mikataba. Umri ulioandikwa kwenye chupa ni umri wa wiski changa kuliko zote zilizochanganywa humo. Black Label husema miaka 12, maana yake hakuna tone lililo chini ya umri huo. Red Label haitaji umri, lakini kwa kuwa ni ya Scotland, sheria ya huko inahakikisha kwamba imelala kwenye pipa la mwaloni miaka isiyopungua mitatu na kwamba nguvu yake haishuki chini ya asilimia 40. Ireland nao wana sharti la miaka mitatu. Jameson hukenekwa mara tatu, na ulaini wake ndio huwavutia wanaoanza. Rangi nzito haithibitishi chochote, kwa kuwa Scotland inaruhusu kutia rangi ya karameli. Na ipo mikoani kwetu vinywaji vya rangi ya dhahabu vyenye neno wiski kwenye lebo ambavyo, ukisoma maandishi madogo ya nyuma, ni spiriti tupu iliyotiwa ladha. Tulipoiweka moja kati ya glasi zetu, wote wanne tuliiweka ya mwisho. Jambo hilo lilitufariji kidogo.

Kilichonichekesha kuliko yote ni habari ya mapipa. Sheria ya Marekani inadai kwamba borboni, ambayo nafaka yake lazima iwe mahindi kwa asilimia 51 au zaidi, iwekwe kwenye pipa jipya la mwaloni lililochomwa ndani. Pipa likishatumika mara moja halifai tena kwa borboni. Hapo ndipo Waskoti hulinunua kwa bei nafuu, na sehemu kubwa ya wiski wanayojivunia duniani hukomaa ndani yake. Kwa lugha yetu, wiski ya Scotland inalelewa katika mtumba. Mhasibu alipolisikia hilo aliinua glasi yake kwa heshima mpya.

Mwaka jana mpwa wa wakili alituletea kichupa cha Laphroaig, wiski ya kisiwa cha Islay. Huko shayiri iliyoota hukaushwa kwa moshi wa udongo mweusi wa kinamasi, ambao huchimbwa, hukaushwa na kuchomwa kama kuni. Wenzangu walikunja nyuso. Mmoja alisema inanuka bandeji ya hospitali, na hakukosea. Lakini mimi nilinyamaza, kwa sababu nilikuwa nimerudi Newala, nyuma ya nyumba yetu, msimu wa korosho, nikiwa na miaka kumi.

Watu wa kusini hawahitaji maelezo, ila kwa wengine: korosho inapovunwa, tunda lake, bibo, hubaki. Halisafiri na halidumu. Kina mama huyakamua mabibo, na maji yake yakichacha huitwa uraka. Uraka ukipikwa na mvuke wake ukapozwa, hutoka nipa, gongo ya kwetu. Mama alikuwa na chungu, mfuniko uliozibwa kwa udongo, bomba la shaba lililopita ndani ya ndoo ya maji, na subira. Kazi yangu ilikuwa kubadili maji ya ndoo yalipopata moto na kusikiliza nyayo za watu njiani.

Kikombe cha kwanza kilichotoka hakukiuza kamwe. Alikiweka kando kwa ajili ya kumchua bibi magoti. Na mvuke ulipoanza kudhoofu alionja kwa ncha ya kidole, akauvuta moto hata kama uraka ulikuwa umebaki chunguni. Nilidhani ni mazoea ya kizee. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba wakenekaji wa Scotland hufanya hivyohivyo: huyatenga matone ya mwanzo na ya mwisho, na pipani huingia kile cha katikati peke yake. Ufundi huo huko una majina, vyeo na mshahara. Mama yangu hakuwa na neno lolote la kuuita. Alisema tu, "Huo bado," na baadaye, "Basi."

Kwa nipa hiyo nililipiwa ada ya kidato cha kwanza, godoro, na ndoo yenye kufuli. Mwaka uliofuata walikuja alfajiri. Chungu kilivunjwa, bomba likachukuliwa, na mama akalala mahabusu siku nne hadi mjomba alipouza mbuzi wawili kulipa faini. Sikuambiwa hadi likizo. Aliponieleza hakulalamika, ila alisikitikia bomba. Shaba ilikuwa ghali.

Sheria iliyomfunga ina jina. Mwaka 1966, miaka mitano tu baada ya uhuru, Bunge letu lilipitisha Sheria ya Moshi, na kupika kinywaji hicho bila kibali kukawa kosa. Nyuma yake kulikuwa na historia ndefu zaidi. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 na ule wa Saint-Germain wa mwaka 1919 ilizuia biashara ya pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika. Maneno yalikuwa ya huruma, kwamba Mwafrika alindwe. Katika makoloni ya Waingereza ya Afrika Mashariki ulinzi huo ulikuwa na maana ya wazi: mzungu aliinywa wiski yake klabuni, na Mwafrika aliyeimimina glasi hiyo hakuruhusiwa kuinywa hadi miaka ya 1950. Ndiyo maana wiski ilipofunguliwa kwa wote haikuingia kama kinywaji tu. Iliingia kama cheti. Nadhani hata dharau ya rafiki yangu wakili kwa wiski ya harusi inatoka huko, ingawa yeye amekataa maelezo haya mara mbili.

Sasa tazama Scotland yenyewe. Kabla ya mwaka 1823 wakulima wa nyanda za juu walikuwa wakipika mafichoni, kwenye mabonde, wakitumia vyungu vya shaba na watoto wa kusikiliza nyayo, sawasawa na sisi. Kodi ilikuwa nzito na leseni haikumfaa mkulima mdogo. Serikali iliwakimbiza kwa miaka mingi bila kufanikiwa. Hatimaye, kwa sheria ya mwaka 1823, iliipunguza kodi na kuweka leseni ya pauni 10 kwa mwaka kwa mwenye mtambo wa galoni 40 au zaidi. Mwaka uliofuata George Smith wa Glenlivet alichukua leseni, na majirani zake walioendelea na magendo walimtishia kiasi kwamba alitembea na bastola. Leo jina la bonde hilo linauzwa kwenye maduka ya viwanja vya ndege. Tunachokiita urithi wa Waskoti kilikuwa gongo iliyopewa leseni.

Mwanafunzi wangu mmoja aliposikia hoja hii darasani alinipinga vizuri. Alisema, "Mwalimu, gongo imepofusha watu. Imeua." Ni kweli, na sitaki kuipamba. Pombe iliyochanganywa na methanoli haimpi mtu nafasi ya pili, na ulevi wa pombe rahisi umevunja nyumba nyingi kuliko askari wote waliowahi kuvunja vyungu. Nilifurahi viroba vilipopigwa marufuku Machi 2017, kwa kuwa niliwaona makondakta na wanafunzi wakivinyonya asubuhi. Lakini nilimuuliza kijana huyo swali ambalo bado linanisumbua: ni nani hupima kilichomo ndani ya chungu kinachopikwa mafichoni? Aliyepiga marufuku hapimi, kwa sababu kwake chungu hicho hakipo. Mpikaji anayeogopa kukamatwa huharakisha, na anayeharakisha hachagui kikombe cha katikati. Mama yangu alikuwa mwangalifu kwa hiari yake, bila msaada wa dola, na jirani yake pengine hakuwa hivyo. Mnywaji hakuwa na njia ya kuwatofautisha isipokuwa kwa sifa ya jina.

Uganda walijaribu njia nyingine katika miaka ya 1960: enguli ya wananchi ilitakiwa kupikwa kwa leseni na kuuzwa kiwandani, ikasafishwa na kuwa Waragi. Haikuumaliza upikaji wa mafichoni. Kenya mwaka 2010 waliihalalisha chang'aa kwa masharti, na vifo havikukoma. Kwa hiyo simwambii mtumishi wa umma anayesoma hapa kwamba leseni ni dawa ya siku moja. Namwambia kwamba masharti yakiandikwa kwa kumfikiria mwenye kiwanda peke yake, mwenye chungu atabaki porini, kama ilivyokuwa Scotland kabla ya 1823. Pauni 10 hazikuwa kidogo, lakini zilikuwa kiasi ambacho mkulima angeweza kukitafuta.

Desemba nilikwenda nyumbani. Nilichukua kichupa cha ile wiski ya moshi, kilichobaki vijiko kama vinne. Mama sasa ana miaka themanini na kitu, na macho yamepungua, lakini pua bado ni ileile. Nilimmiminia kifunikoni. Alinusa kwa muda mrefu, kisha akachovya ncha ya kidole, kama zamani, akaiweka ulimini.

"Huyu anajua," alisema. "Ila kuni zake zilikuwa mbichi."

Nilimweleza kwamba moshi ule waliutia kwa makusudi, na kwamba baada ya kupikwa iliwekwa kwenye pipa miaka kumi. Aliguna. Miaka kumi, akasema, ada ya mtoto ingekuwa imepita. Kisha akauliza bei. Nilimtajia nusu yake, na hata hiyo ilimfanya anyamaze akitazama upande wa mibibo, ambako mtu alikuwa anachoma majani.

"Na huko kwao," aliuliza hatimaye, "anayepika hawamvunjii chungu?"

"Hapana, mama. Wageni hulipa kiingilio kwenda kukitazama."

Alicheka hadi akakohoa. Halafu akakirudisha kifuniko juu ya kichupa, akakikaza vizuri, na kukiweka kando kwa ajili ya magoti yake.