Kisigino cha Kushoto

Asubuhi moja nikijiandaa kwenda zamu, mguu wa kushoto ulikataa. Niliuburuta kama gunia hadi mlangoni nikijua ni kiharusi. Hospitalini wakapiga picha za ubongo, wakapima damu, kila kitu safi. Daktari wa zamu akaniambia sina ugonjwa, nikapumzike. Nikarudi mjini Bladensburg, Marekani, ninakoishi, naburuta mguu uleule, na aibu juu yake.

Mama yangu Tanga alinyamaza kidogo kwenye simu. "Mwanangu, hiyo si ya hospitali. Njoo nyumbani ukatazamiwe." Nikaitikia, maana nami nilishaanza kuamini hivyo.

Miezi saba baadaye daktari mwingine, bingwa wa neva, alinilaza chali, akaweka kiganja chini ya kisigino cha kushoto. Kandamiza, akasema. Wapi! Akaniambia basi niinue mguu wa kulia huku yeye akiuzuia. Nilipoinua, kile kisigino nilichokizika kikamkandamiza kiganja kwa nguvu zote. Akanishikisha paja nisikie msuli ulivyokaza. Nililia. Kipimo hicho alikieleza Mmarekani Charles Hoover mwaka 1908, wala hakihitaji mashine. Kwangu kilionyesha kuwa neva hazijakatika, ila ubongo unakosea kupeleka amri, na kadiri ninavyoukazania mguu ndivyo unavyogoma. Ni hitilafu ya utendaji wa mfumo wa neva. Si kujifanya, na si uchawi.

Dawa yangu kubwa imekuwa mazoezi: kutembea kinyumenyume, kuyumba kama anayecheza chakacha, kuhesabu kwa kurudi nyuma ili akili iuache mguu ufanye kazi yake. Naanzia kwenye bustani kando ya mto Anacostia hadi Msalaba wa Amani, uliokamilika mwaka 1925 kwa kumbukumbu ya watu 49 wa kaunti hii waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza. Vita ile ilirudisha askari wengi wenye viungo vilivyopooza bila jeraha, na wapo walioitwa waoga. Huwa nawafikiria hao.

Huu ni mwaka wa nne. Nikikosa usingizi mguu hugoma tena, na mkongojo ungali nyuma ya mlango. Kila Jumamosi nahesabu: mia, tisini na saba, tisini na nne.

Jioni mama hupiga. "Mwanangu, leo umefika ngapi?"

"Hamsini na tano, mama."