Nukta za Picha

Picha iliyomo katika kompyuta huonekana kuwa kitu kimoja, lakini sivyo ilivyo. Ni mkusanyiko wa nukta nyingi ndogo, kila nukta na rangi yake, zilizopangwa safu kwa safu kama michai juu ya vilima vya Nyamira. Mtu aliye mbali na shamba la chai huona zulia moja la kijani. Akikaribia, huona kila mchai peke yake. Kioo cha simu huionyesha picha kwa udogo nasi tukaridhika. Karatasi huikuza, na hapo upungufu wake hudhihirika.

Jambo hili si dogo kwa watu wa Kisii na Nyamira. Huko, kama katika sehemu nyingi za Kenya, mtu akifariki jamaa zake huchapisha kijitabu cha maisha yake kisomwe siku ya mazishi, na katika jalada huwekwa picha yake. Aila nyingine haina picha ya mzee wao ila moja, nayo imepita katika simu nyingi kabla ya kufika kwa mchapaji. Nimesaidia kutengeneza vijitabu vya namna hiyo, na nimeona watoto wakisita kumtambua mama yao, kwa sababu macho yake yamekuwa miraba ya rangi. Mashine ikalaumiwa, hali haina hatia.

Tuhesabu pamoja, msomaji. Picha safi huhitaji nukta 300 hivi katika kila inchi ya karatasi. Basi picha yenye nukta 1200 kwa upana na 1800 kwa urefu hutosha inchi 4 kwa 6. Karatasi nzima ya A4 yataka nukta 2480 kwa 3508. Picha yenye upana wa nukta 600 ikitandazwa juu ya A4, kila inchi hupata nukta 72 hivi, yaani chini ya robo ya haki yake.

Iko programu isiyo na malipo iitwayo ImageMagick, iliyotolewa kwa watu wote mwaka 1990. Mtumiaji wake habofyi vitufe vya rangi, bali huiandikia kompyuta amri kwa herufi. Kwanza huuliza:

magick identify mama.jpg

Kompyuta hujibu kwa kutaja idadi ya nukta. Kisha huamrisha:

magick mama.jpg -units PixelsPerInch -density 300 mama.pdf

Neno la kwanza ni jina la mtumishi. La pili ni picha inayoingia. Yanayofuata husema kila inchi ipewe nukta 300. La mwisho ni faili itakayotoka, katika umbo la PDF, ambalo kampuni ya Adobe ililianzisha mwaka 1993 ili ukurasa uonekane vilevile katika kila mashine. Amri ya namna hii yaweza kuandikwa daftarini, ikatumiwa kesho kwa picha nyingine, na kufundishwa mwenzako bila kupotea hata herufi moja.

Lakini amri haiongezi nukta. Hupanga zilizopo tu. Mchongaji wa Tabaka akishakata kipande cha jiwe laini hawezi kukirudisha mahali pake. Hali kadhalika, programu nyingi za kutumiana ujumbe huipunguza picha ili isafiri upesi, na kilichopunguzwa hakirudi. Programu iikuzayo picha hubuni nukta za kujazia nafasi, na uso uliobuniwa si uso wa mama.

Kwa hiyo, ukipewa kazi hii, itafute picha ya asili katika simu iliyoipiga. Ikiwa ni ya karatasi, ipitishe katika skana kwa nukta 600 kwa inchi. Ikiwa hapana ila ile ndogo yenye upana wa nukta 600, ichapishe kwa upana wa inchi 2. Uso mdogo unaotambulikana ni heshima kubwa kuliko uso mkubwa usiojulikana. Na wazee wako walio hai leo, wapige picha nzuri, uziweke asili zake mahali salama. Maana siku ya kuzihitaji ikifika, hapana amri iwezayo kuleta kisichohifadhiwa.