Kaifeng, mji uliozaa dawa ya uchovu

Wahenga walinena kuwa shibe mwana malevya, njaa mwana malegeza. Ukitaka kujua uzito wa maneno hayo, msomaji mpendwa, funga safari hadi Kaifeng, nchini China. Ukishuka Zhengzhou, mji mkuu wa mkoa wa Henan, elekea mashariki mwendo wa kilomita 70 hivi.

Hutakosa kuuona Mnara wa Chuma. Usidanganywe na jina, kwani haukujengwa kwa chuma. Ni wa matofali, ulijengwa mwaka 1049 na kuvikwa vigae vya rangi ya kutu. Una ghorofa 13.

Mnara huo ulikuwa umesimama papo hapo Wamongolia walipouzingira mji huo mwaka 1232. Miongoni mwa waliofungiwa ndani alikuwa tabibu Li Dongyuan. Baadaye aliandika kwamba adui alipoondoka, watu waliugua kwa wingi. Kila mmoja wa milango 12 ya mji ulipitisha maiti kati ya 1,000 na 2,000 kwa siku, kwa karibu miezi mitatu!

Matabibu wengi walidhani maradhi yametokana na baridi. Waliwapa wagonjwa dawa za kuwatoa jasho na kuwaendesha tumbo, nao wakazidi kufa. Li alishikilia kuwa njaa, kazi za sulubu na hofu zilikuwa zimewamaliza watu hao, kisha wakashindilia chakula ghafla. Mwili kama huo haufai kukamuliwa, hujengwa.

Dawa aliyoiacha huitwa Bu Zhong Yi Qi Tang, yaani maji ya dawa ya kuimarisha kati na kuongeza nguvu. "Kati" ni tumbo na wengu. Huchemshwa kwa mitishamba minane, ikiwemo jinseni, susu na maganda makavu ya chenza. Hadi leo hutumiwa China na hata Japani.

Hata hivyo, usikimbilie kuinunua. Susu huweza kupandisha shinikizo la damu, na uchovu usiokwisha huenda ukawa dalili ya upungufu wa damu, kisukari au kifua kikuu. Mwone daktari kwanza. Naye akikuuliza umekula nini, umelala vipi na una wasiwasi gani, usimwone mdaku. Maswali hayo ndiyo waliyokosa kuulizwa wagonjwa wa Kaifeng.